Simu Yako Kwenye Skrini ya Gari: Jua Kabla ya Kulipa

Maelezo ya Afisa wa Habari wa Kaunti kwa madereva na maafisa wa uchukuzi wa idara mbalimbali

 

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo madereva wetu huuliza, na wananchi wanaonunua magari pia: je, gari hili linaunganishwa na simu? Swali hilo lina maana mbili, na wauzaji wengine hufaidika tunapozichanganya.

Maana ya kwanza ni Bluetooth. Gari lenye Bluetooth hupiga muziki wa simu yako na kukuwezesha kuongea bila kuishika. Basi. Maana ya pili ni mfumo unaoleta ramani, ujumbe na muziki kwenye skrini ya gari. Inayojulikana zaidi ni miwili: CarPlay ya Apple, iliyozinduliwa mwaka 2014 kwa wenye iPhone, na Android Auto ya Google, iliyofika sokoni mwaka 2015 kwa wenye simu za Android. Kazi hufanywa na simu. Skrini inaonyesha tu picha inayotumwa na simu, kisha inarudisha mguso wa kidole na sauti yako. Ndiyo maana bando linaloliwa ni lako, na ukiingia mahali pasipo na mtandao ramani inaweza kukwama. Dereva wa ambulensi anayetafuta kijiji usiku hana nafasi ya kukwama. Pakueni ramani ya eneo lote mapema kwenye Google Maps, mkiwa bado ofisini.

Sasa, magari gani? Mengi tunayonunua yametumika Japani, na kanuni zetu haziruhusu kuingizwa gari lililozidi miaka minane. Toyota ilichelewa katika jambo hili. Gari lake la kwanza kupewa CarPlay, Avalon ya soko la Marekani, lilitangazwa mwaka 2018, na kule Japani mabadiliko yalianza hasa na Corolla mpya ya mwaka 2019. Kwa hivyo Fielder au Premio ya mwaka 2016 haikutoka kiwandani na mfumo huu, hata muuzaji aape. Mazda ni afadhali: kuanzia 2018 kampuni hiyo iliruhusu magari yake ya awali yenye Mazda Connect yaongezewe mfumo, kwa kubadilisha sehemu ya kuchomekea USB na kusasisha programu. Volkswagen Golf za kuanzia 2016 nyingi zinao, lakini inategemea mnunuzi wa kwanza aliagiza nini. Na bei kubwa si dhamana. Tesla kwa miaka mingi iliuza magari yasiyo na CarPlay wala Android Auto.

Redio ya Kijapani ina shida nyingine mnayoifahamu: maandishi ni ya Kijapani, ramani ni ya Japani, na masafa ya FM yanaishia chini ilhali yetu yanafika 108. Watu huamua kuing'oa na kuweka skrini mpya. Hapo ndipo pesa hupotea. Skrini inayoitwa “redio ya Android” ni kama tableti iliyofungwa kwenye dashibodi; kutumia Android hakumaanishi ina Android Auto. Nenda dukani na simu yako na waya wako, chomeka, uone ramani ikitokea kabla hujatoa shilingi. Hakikisha kamera ya nyuma na vitufe vya usukani bado vinafanya kazi. Fundi akitaka kukata nyaya za gari badala ya kutumia plagi inayolingana, tafuta mwingine.

Na waya wenyewe! Ule wa bei rahisi wa barabarani mara nyingi huchaji tu, haupitishi data. Wengi hulaumu gari bure. Jaribuni pia tundu jingine la USB, kwa sababu katika magari mengi ni moja tu linalopokea mfumo.

Kuhusu usalama nitasema wazi. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zinamtoza shilingi 2,000 dereva anayetumia simu gari likiwa linatembea. Skrini inakuepusha na kuishika simu, haikuepushi na kugonga. Mwaka 2020 shirika la IAM RoadSmart la Uingereza lilichapisha majaribio yaliyofanywa kwa kifaa cha kuigiza uendeshaji. Waliogusa skrini ya Android Auto walichelewa kuitikia kwa asilimia 53 zaidi, wa CarPlay asilimia 57. Pombe ya kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa kule iliwachelewesha watu kwa asilimia 12. Kwa kilomita 80 kwa saa, ukitazama skrini sekunde mbili gari limeshakwenda mita 44. Wekeni safari kabla ya kuwasha injini, na njiani sikilizeni sauti tu.

La mwisho linahusu magari ya umma, yanayopita mikononi mwa watu wengi. Ukiunganisha simu, gari linaweza kuhifadhi majina na namba za watu wako pamoja na orodha ya simu ulizopiga. Kabla ya kurudisha ufunguo, ingia kwenye mipangilio ya skrini na ufute simu yako. Mwenye gari lake binafsi afanye vivyo hivyo siku ya kuliuza.

Nakaribisha maswali. Aliye na gari hapo nje na waya mkononi, tunaweza kulijaribu sasa hivi.