Data za mwili, na sisi wa Kasulo



Huko Uingereza, UK Biobank iko na damu na habari za afya za watu 500 000. Kompyuta zinazipekua zote pamoja, zione namna mwili unavyotumia sukari na mafuta. Na hapa Kolwezi? Watafiti wa Lubumbashi na Leuven walipima watu 72 wa Kasulo, watoto 32 kati yao. Matokeo yakatoka 2018. Watoto ndio walikutwa na kobalti mingi zaidi mukojoni. Vumbi hilo tunalala nalo! Kompyuta itajifunza wapi mwili wa namna hii, kama haujaandikwa? Wafadhili, tusaidieni kadi ya afya kwa kila nyumba ya waliorudi. Na wewe mama, wakija kupima, uliza kwanza: majibu ya mtoto yatarudi lini?