Eli Aliona Midomo Tu

Aliye na Biblia karibu na afungue Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 1, aya ya 9 hadi ya 18. Asiye nayo na asikilize tu, maana habari yenyewe twaijua. Hana yuko Shilo, anaomba mbele za Bwana kwa uchungu wa moyo. Midomo yake yacheza lakini sauti haitoki. Kuhani Eli ameketi karibu na mlango, anamtazama kinywa, naye akakata shauri kwamba mwanamke huyu amelewa. Akamkemea papo hapo.

Angalieni, macho ya Eli hayakumdanganya. Midomo ilikuwa ikicheza kweli. Alikosea katika sababu aliyoitia juu ya kile alichokiona, tena aliitia kabla ya kuuliza.

Nimeikumbuka habari hii kwa ajili ya mama mmoja wa parishi yetu, aliyeniruhusu kuyasema haya bila kumtaja jina. Mwanawe wa kiume ana miaka 9. Tangu alipokuwa na miaka 6 hupepesa macho kwa nguvu, hutikisa kichwa, huinua bega moja, na katikati ya kimya hutoa sauti kama ya mtu anayesafisha koo. Siku nyingine hubweka kama mbwa mdogo. Madaktari huuita ugonjwa wa Tourette, kwa jina la daktari Mfaransa, Georges Gilles de la Tourette, aliyeandika habari za wagonjwa 9 wa namna hiyo mwaka 1885. Si kifafa, si wazimu, wala hauambukizi. Huwapata wavulana zaidi ya wasichana. Mishtuko hiyo huzidi sana mtoto akiwa na miaka 10 hadi 12 hivi, kisha kwa wengi hupungua kadiri wanavyokua. Watu wengine hudhani kila mwenye ugonjwa huu hutoa matusi. Wapo wanaotokwa na maneno hayo pasipo kutaka, lakini ni wachache.

Shule ya kwanza ilimrudisha mtoto huyu nyumbani kwa kusumbua wenzake. Ya pili ilimwambia mama ampeleke shule ya watoto wenye ulemavu wa akili, hali hesabu zake zilikuwa miongoni mwa zile bora darasani. Jirani naye akasema ni pepo. Mimi naombea wagonjwa, na mtoto huyu nimemwombea. Lakini kumsimamisha mtoto mbele ya umati na kumkemea pepo kwa sababu bega lake limeruka, hilo sitalifanya.

Mwalimu mmoja alisema neno ambalo wengi hulisema: "Mbona asubuhi alikaa kimya saa nzima? Basi aweza kujizuia akitaka." Wewe unayenisikiliza, jaribu kuzuia macho yako yasipepese kabisa mpaka nimalize maelezo haya. (Dereva, wewe usijaribu!) Mwanzoni utaweza. Baadaye macho yatawasha, na fikira zako zote zitakuwa kwenye macho, wala hutasikia ninalosema. Mwishowe utapepesa, tena mara nyingi kwa mfululizo. Ndivyo alivyo mtoto huyu. Saa ile aliyokaa kimya hakujifunza kitu, kwa kuwa kazi yake yote ilikuwa kujizuia. Akifika nyumbani jioni mishtuko hufunguka kama maji ya bwawa, na mama hudhani kuna jambo baya limetokea shuleni. Tena ukimtisha, wasiwasi huizidisha mishtuko, na uchovu vivyo hivyo. Lakini akizama katika kazi aipendayo, mara nyingi hutulia.

Basi mama akaniuliza, "Mchungaji, nimpeleke wapi?" Nikamwambia, "Mama, tutafute mwalimu kwanza, jengo baadaye."

Tulianza na kituo cha serikali cha kupima mahitaji ya watoto katika elimu. Vituo hivi vilianzishwa Kenya mwaka 1984, lakini wazazi wengi hawavijui mpaka leo. Barua ya huko, pamoja na ile ya daktari, humsaidia mwalimu mkuu kuona kwamba mzazi hatetei utundu. Kisha tukazitembelea shule. Shule inayojisifu kwa wastani wa mtihani tu, tuliipita upesi. Wako waliomshauri mama juu ya shule ya bweni, kwamba huko atanyooka. Mimi sikukubali. Mtoto ajizuiaye mchana kutwa ahitaji mahali pa kuachilia, na katika bweni lenye vitanda vingi atapata wapi mahali hapo? Usiku atabweka, wenzake watamcheka, naye hatalala. Kwa mtoto huyu, tena kwa umri huu, shule ya kutwa iliyo karibu na mama yake yafaa zaidi.

Tuliwauliza walimu mambo madogo. Je, aweza kuketi pembeni karibu na mlango, si mbele ambapo macho yote yako mgongoni mwake? Aweza kutoka dakika chache bila kuomba ruhusa mbele ya watu, kisha arudi? Bega likimharibia mwandiko, ataongezewa muda? Na je, mwalimu atawaeleza wanafunzi habari hii mara moja, mtoto mwenyewe akikubali, halafu aendelee na somo bila kuitazama kila sauti? Mwalimu mmoja wa kike alituuliza yeye, "Mtoto mwenyewe ataka niseme nini?" Mama alilia. Hakuna aliyekuwa ameuliza swali hilo.

Wazazi, msiende mkiomba kama watu wa kuhurumiwa. Katiba ya mwaka 2010 yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza shule kumbagua mtoto kwa ulemavu, na yakataza kumpiga mwanafunzi au kumtesa moyo.

Nanyi wazee wa kanisa, sikilizeni. Shule nyingi kanisa letu ndilo mfadhili wake. Kwa sheria hiyo hiyo, mfadhili ana wajumbe 3 katika halmashauri ya shule ya serikali. Tunapowachagua, huuliza nani ana gari na nani ana wadhifa. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu ya mwili wake, wajumbe wetu walikuwa mezani. Walisema nini?

Hebu turudi Shilo. Hana alijibu kwa heshima, akaeleza, na Eli akayageuza maneno yake papo hapo, akamwambia aende kwa amani. Kisha someni hadi mwisho wa sura. Samweli alipoachishwa kunyonya, Hana alimpeleka kwa nani akalelewe na kufundishwa? Kwa Eli yule yule. Mama hakutafuta kuhani asiyewahi kukosea, hayuko. Alimpeleka kwa kuhani aliyekubali kuelezwa.

Mtoto wetu ameanza katika shule ya mwalimu yule. Mwalimu mkuu amempokea kwa muhula mmoja wa majaribio, na wazazi wawili wameshalalamika. Halmashauri itakutana mwisho wa mwezi.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeisikia sauti ya Hana isiyosikika, mlinde mtoto huyu katika dawati lake karibu na mlango. Mtie mwalimu wake nguvu, na hao wazazi wawili uwape kuuliza kabla ya kunena. Uwakumbuke wajumbe wetu siku ile watakapoketi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.