Daftari Moja la Wanachama kwa Idara Zote

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya makatibu wa vyama vya msingi, Morogoro Mjini)



Katika vyama vingi mwanachama mmoja huandikwa mara nne. Karani wa mizani ana orodha yake, mtunza ghala la pembejeo ana yake, ofisi ya mikopo ina leja yake, na katibu analo daftari la wanachama, ambalo mara nyingi hufunguliwa tu mkutano mkuu ukaribiapo. Siku hizi zipo kompyuta, lakini ugonjwa ni ule ule: kila meza ina jedwali lake, lililonakiliwa kwa jirani miaka iliyopita.

Madhara humwangukia mkulima. Chukueni mfano wa mama wa Matombo aletaye pilipili manga. Mizani inamjua kwa jina la nyumbani, benki kwa jina la ubatizo, na leja ya mikopo imeandika jina la mumewe. Fedha zifikapo, majina hayalingani, nazo hukaa. Wenzake wamekwisha kulipwa, naye angali akitafuta nauli ya kurudi ofisini. Baya zaidi ni kukatwa deni la mtu mwingine mwenye jina kama lake. Maana akina Ramadhani Salum hawana idadi kutoka Mkuyuni hadi Kinole.

Zamani jambo hili halikuwa na uzito kama sasa. Sheria ya mwaka 1975 ilikipa kijiji kilichoandikishwa kazi za chama cha ushirika, na mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa. Sheria ya 1982 ilivirudisha, na ile ya 1991 ikatilia mkazo uanachama wa hiari: mtu huomba, hukubaliwa, hulipa kiingilio na hisa. Ikiwa hivyo, jina lililokosekana daftarini ni kura iliyopotea.

Dawa si kununua kompyuta zaidi. Orodha iwe moja, na idara zote ziisome hiyo hiyo. Katibu ndiye aingizaye na kubadilisha, wengine husoma. Mizani isiandike jina upya, bali namba ya uanachama, kilo na tarehe. Badiliko lifanywe mara moja, mahali pamoja, na aliyelifanya ajulikane. Namba ya marehemu asipewe mtu mwingine kamwe. Makatibu hupenda mno kuziba mapengo ya namba, na matokeo yake deni lililozikwa humfufukia mgeni asiye na habari.

Watu wa mikopo watasema: katibu akiwa msibani, kazi yote itasimama? Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo iliyozaa orodha za pembeni. Basi Bodi imteue kwa maandishi mtu wa pili mwenye ruhusa ya kubadilisha.

Tena, kusoma orodha moja si kusoma yote. Karani wa mizani hahitaji kujua deni la mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavihusu vyama pia.

Tume ya Maendeleo ya Ushirika, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, imeleta Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU. Ni hatua njema. Hata hivyo, mfumo wowote ukilishwa majina manne ya mtu mmoja, utarudisha watu wanne.

Kwa hiyo daftari lisafishwe kwanza, kabla msimu haujafunguliwa. Orodha ya mizani ya msimu uliopita isomwe kwa sauti kijijini, ikilinganishwa na daftari, wanachama wakiwapo na kadi zao. Hapa Uluguru, ambako ukoo hufuatwa kwa mama, ajaye kudai malipo ya marehemu aweza kuwa mpwa wala si mwana. Basi jina la mrithi aliyeteuliwa na mwanachama mwenyewe liandikwe humo humo. Jina lenye shaka liwekewe alama, wala lisifutwe mpaka mwenyewe aitwe, au ndugu zake.