Kivumishi "Fair" Darasani na Shambani

Kivumishi cha Kiingereza "fair" ni kifupi, lakini maana zake ni nyingi. Katika Kiingereza cha kale kilieleza kitu cha kupendeza macho. Baadaye kikaeleza pia weupe wa ngozi, hali ya hewa iliyo shwari, uamuzi usio na upendeleo, na hatimaye jambo la wastani, lisilo baya wala zuri sana. Kiswahili hakina neno moja la kubeba mizigo hiyo yote.

Uzito wa jambo hili huonekana Kewanja, wilayani Tarime. Mwanafunzi wa huko, ambaye aghalabu huanza na Kikuria nyumbani, huweza kukutana na "fair" kwanza katika maoni ya mwalimu: kazi ya wastani. Kijiji hicho kimepakana na mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, na ardhi inapotwaliwa neno lile lile hujitokeza kwa sura nyingine. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hudai fidia iliyo "full, fair and prompt". Anayeisoma kwa maana ya darasani atadhani mzazi wake ameahidiwa malipo ya kadiri, ilhali maana yake ni fidia kamili, ya haki na isiyocheleweshwa, inayozingatia thamani ya soko pamoja na posho za usumbufu na usafiri.

Kigezo cha kutenganisha maana ni nomino inayoelezwa. Ikiwa ni bei, malipo, hukumu au mgawanyo, maana ni haki. Ikiwa ni ubora wa kazi au kiwango cha maarifa, maana ni wastani. Kielezi "fairly" hutaka uangalifu zaidi. Kikifuata kitenzi, kama katika "paid fairly", ni kulipwa kwa haki. Kikitangulia kivumishi, kama katika "fairly good", ni uzuri wa kiasi tu.

Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 24, husema "fidia inayostahili", na tafsiri yake ya Kiingereza huweka "fair and adequate". Kitenzi kustahili humtazama mwenye mali na haki yake. Wastani hauna nafasi humo. Kwa kuwa marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, mfasiri anayekosea kivumishi hiki humpunguzia mkulima haki yake kabla mthamini hajafika shambani.