Mstari Mwekundu wa Saa Moja na Nusu

Msikilizaji, tangazo la Mkurugenzi la Jumatatu umelisikia. Umewasikia pia waliopiga simu hapa studio wiki nzima, wengi wao wakilipongeza. Kwa tangazo hilo, mtumishi akichelewa kazini zaidi ya mara tatu kwa mwezi, jina lake linabandikwa ubaoni pale mlangoni mwa ofisi, kila mwananchi alisome. Hatutayarudia yote. Kituo hiki kimekwama kwenye neno moja lililomo ndani ya tangazo lile: dharau. Limesema anayechelewa anamdharau mwajiri wake na anamdharau mwananchi.

Si kila kuchelewa ni dharau. Tutalisema hili leo mpaka lisikike.

Yupo mtumishi wa masijala, mama wa mtoto mmoja, ambaye jina lake lilikuwa la pili kwenye orodha iliyobandikwa Jumanne. Ametuomba tusimtaje, wala tusitaje wilaya yake. Simu yake inalia saa kumi na nusu alfajiri. Inalia tena saa kumi na moja. Mara ya tatu inalia simu nyingine, ya zamani, ambayo huilaza ndani ya sufuria tupu jikoni ili imlazimu kuamka na kuifuata. Nguo ziko kitini tangu usiku, zimepangwa kwa utaratibu wa kuvaliwa: gauni juu, mtandio chini yake, soksi, kisha viatu chini ya kiti. Saa kumi na mbili na nusu ameshakunywa chai na mkoba uko begani. Kutoka kwake mpaka kituo cha daladala ni mwendo wa dakika saba.

Anainama kufunga kamba za kiatu. Anaona uzi umechomoka kwenye mkeka. Anauvuta, mkeka unafumuka, anatafuta sindano aushone. Anaponyanyua kichwa, jua limeshapanda ukutani, kiatu kimoja kiko mguuni, kingine bado kiko chini ya kiti, na saa inasema mbili kasoro robo. Kwake yeye zilikuwa zimepita dakika tano.

Huko ofisini, saa moja na nusu kamili, mkuu wake wa kazi alishachukua rula na kalamu nyekundu akapiga mstari kwenye daftari la mahudhurio. Kila mtumishi wa umma nchini anaujua mstari huo. Waliowahi wako juu yake, waliochelewa wako chini. Mwezi uliopita mama huyu aliandika jina lake chini ya mstari mwekundu mara kumi na moja.

"Binti, wenzako wanatoka mbali kuliko wewe," anaambiwa.

"Nisamehe, mama."

Hana jibu lingine. Angesema nini? Kwamba alikuwa anashona mkeka?

Msikilizaji, mzembe haamki saa kumi na nusu usiku. Mzembe hafichi simu kwenye sufuria. Wazembe wapo, watoro wapo, na kituo hiki kimewasema bila kuwaonea haya, na tutaendelea kuwasema. Lakini mtoro anaijua saa na anaipuuza. Huyu mama saa yenyewe haisikii ikipita. Mwanasaikolojia wa Marekani, Russell Barkley, ambaye amefanya kazi miaka mingi na watu wa namna hii, huiita hali hiyo upofu wa wakati. Nasi hapa kipofu hatumbandiki ubaoni kwa kuwa hakuona.

Mama huyu ana hali mbili kwa pamoja. Ana usonji, na ana ile hali ya umakini kutawanyika ambayo madaktari huiita kwa ufupi ADHD. Alijua akiwa na miaka 34, siku alipompeleka mwanawe hospitali. Daktari alikuwa anauliza habari za mtoto: anasumbuliwa na kelele, anasahau alichotumwa, analia ratiba ikibadilika? Mama akawa anajibu kwa niaba ya mtoto, na kimoyomoyo anajijibia mwenyewe. Yote ndiyo.

Hapa ndipo penye kiini, tuvumilie kidogo. Usonji wake unataka ratiba. Unataka Jumatatu ifanane na Jumatatu, kiti kilekile, njia ileile, kazi ileile kwa mpangilio uleule. Kikao kikihamishwa kutoka saa tatu kwenda saa tano bila taarifa, siku yake nzima imevunjika na kichwa kinamuuma mpaka jioni. Ile hali ya pili ndiyo inayompokonya ratiba hiyo mkononi. Anaipanga vizuri kuliko mtu yeyote pale ofisini, na kufikia asubuhi imeshamponyoka. Kisha inapoponyoka hawezi kufanya kama mimi na wewe, kusema basi, nitaanzia hapa nilipo. Anaitaka ile ya mwanzo, na ile ya mwanzo imepita. Siku nyingine husimama mlangoni robo saa nzima akishindwa kuingia, kwa sababu siku yake ilikuwa ianze saa moja na nusu, na saa moja na nusu haipo tena.

Mtu anayeihitaji ratiba kuliko sisi sote ndiye anayeshindwa kuishika. Halafu tunamwambia ana dharau.

Tusiwalaumu sana wasiojua, kwani hata wataalamu wamechelewa. Mpaka mwaka 2013 mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, unaofuatwa na hospitali nyingi duniani, ulikuwa unakataza mtu mmoja kupewa majina yote mawili. Ukiwa na usonji, basi ADHD hukuandikiwa. Mama huyu alimaliza shule, akamaliza chuo, akaajiriwa, ilhali kitabu cha wakubwa kinasema mtu kama yeye hayupo. Lakini 2013 si jana. Na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Nchi hii tumeanza kuwaona watoto wenye usonji, tuna vitengo vyao katika baadhi ya shule za msingi, kama Msimbazi Mseto pale Dar es Salaam, na kila tarehe 2 Aprili tunavaa fulana na kuandamana. Watoto wale wanapokua wanakwenda wapi? Wanakwenda kazini, msikilizaji. Wanakwenda kuandika majina yao chini ya mstari mwekundu.

Sheria tunazo. Tumelisema hili katika kipindi hiki mara nyingi na tutalisema tena. Sheria ya Watu wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 kuwa na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Mwaka mmoja kabla yake Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, unaotaja ulemavu wa viungo, wa akili na wa hisi, na unaotaka mahali pa kazi parekebishwe ili mtu aweze kufanya kazi. Parekebishwe mahali, siyo mtu. Sheria iko kabatini. Kilicho mezani ni kalamu nyekundu.

Na marekebisho yenyewe ni madogo. Mama huyu aliomba mambo matatu, kwa maandishi, miaka miwili iliyopita. Aingie saa tatu na atoke saa kumi na moja, saa zake nane ziwe zilezile. Maagizo aandikiwe, asiambiwe koridoni akiwa amebeba majalada. Kikao kikihamishwa aambiwe siku moja kabla. Hakuomba fedha wala gari, hata kiti hakuomba. Barua yake ilipokelewa, ikagongwa muhuri, ikawekwa kwenye jalada. Anaijua namba ya jalada hilo, kwa sababu ni yeye aliyelifungua.

Waliowahi kufika pale masijala na shida ya kiwanja wanamjua. Unamtajia jina la marehemu baba yako, haendi kwenye kompyuta wala kwenye rejesta, anakwenda moja kwa moja rafu ya nyuma na kurudi na jalada lenye vumbi. Mstaafu mmoja alitusimulia kwamba alizungushwa miezi minne, mpaka siku alipomkuta yeye. Tunayasema haya msije mkadhani ofisi inambeba. Lakini hata asingekuwa hodari, haki yake ingekuwa ileile.

Wapo wanaosema, mkimruhusu huyu, kesho wote watasema wana usonji. Hilo hatulikubali. Mwenye cheti cha daktari anajulikana, na asiye nacho anajulikana. Hatukufuta ruhusa ya ugonjwa kwa kuwa wapo wanaojifanya wagonjwa. Mbona hapa ndipo tunapokuwa wakali?

Mkurugenzi, tunajua unatusikia. Hatukuombi ufute tangazo lako lote. Wananchi wana haki ya kumkuta mtumishi mezani, na tuko pamoja nawe katika hilo. Tunakuomba neno dharau litoke. Tunakuomba barua ya mama yule itolewe kwenye jalada isomwe, na ijibiwe kwa maandishi. Tunakuomba kabla jina lolote halijabandikwa, mwenye jina aitwe, akae, aulizwe: una tatizo gani asubuhi? Aulizwe kwa upole, na asubiriwe ajibu.

Na wewe mwenzake wa meza ya jirani, unayejua kwamba kikao kimehamishwa, mwandikie ujumbe usiku huo. Wewe mume, wewe dada, mpigie simu saa kumi na mbili na nusu na umuulize kama viatu vyote viwili viko miguuni. Nanyi vyama vya wafanyakazi, mnaokata michango kila mwezi kwenye mishahara hii, semeni! Semeni wiki hii, msingoje Mei Mosi.

Orodha ile bado iko mlangoni tunapoisoma taarifa hii. Leo ni Ijumaa, ofisi zinafungwa saa tisa na nusu. Mkurugenzi, muda upo. Mtume mtu akaibandue.