Hesabu Iliyomo Ndani ya Kalavati

(Maelezo ya Ofisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata, mbele ya wanafunzi wa uhandisi walio katika mafunzo kwa vitendo)



Tumeulizwa mara nyingi kwa nini kivuko kimoja cha barabara kiwekewe makalavati mawili mapana, ilhali moja jembamba lingegharimu kidogo. Jibu limo katika kanuni tatu zilizomo madaftarini mwa vijana hawa.

Ya kwanza hukadiria maji yatakayofika barabarani: Q = C × i × A ÷ 360. A ni hekta za ardhi inayomimina maji hapo. I ni milimita za mvua kwa saa. C ni sehemu ya mvua isiyonywewa na ardhi. Q ni meta za ujazo kwa sekunde. Tuchukue bonde la hekta 40, mvua ya milimita 60 kwa saa, na C ya 0.3 kwa ardhi yenye majani. Twapata meta za ujazo 2 kila sekunde. Majani yakifyekwa, mabati na nyua ngumu zikatanda hata C ikawa 0.6, mvua ni ileile na bonde ni lilelile, lakini maji yamekuwa meta 4. Tusiilaumu mbingu peke yake.

Ya pili ni eneo la duara: π × d² ÷ 4. Kalavati la kipenyo cha meta 0.9 lina mlango wa meta za mraba 0.64, la meta 1.2 lina 1.13. Kipenyo kimeongezeka kwa theluthi tu, mlango kwa zaidi ya robo tatu. Maji yakienda meta 2 kwa sekunde, jembamba hupitisha meta za ujazo 1.3, pana 2.3. Kwa maji ya meta 4, basi, hayaepukiki mawili mapana. Anayedai moja jembamba linatosha anaomba barabara ichukuliwe.

Ya tatu, ya mwendo wa maji, iliwasilishwa mwaka 1889 na Robert Manning, mhandisi wa Ayalandi. Ndani yake mna mteremko, umbo la mfereji, na herufi n, yaani ukwaru wa kuta. Zege laini lina n ya takriban 0.013, mtaro uliosongwa na magugu waweza kufikia 0.05. Kwa umbo na mteremko uleule, mwendo hushuka hadi karibu robo. (Kanuni ya ndala na chupa zilizoziba mlango, vijana, hamtafundishwa chuoni.)

Kuanzia Jumatatu wanafunzi hawa watapita vitongojini na futi kamba. Hesabu yao itahakikiwa kwa kile mlichokiona ninyi. Wazee, tafadhali waonyesheni alama ya maji ukutani ilipofika kweli, bila kuongeza wala kupunguza, na mwaka wake.