Kengele Mtakayojipigia Wenyewe
(Hotuba kwa wahitimu wa kidato cha nne)



Miaka minne iliyopita mliingia hapa manjuka, sare zinawapwaya. Mmegawana ndoo moja ya maji watu watatu. Mmeamshana prepo. Mmeuguzana malaria bwenini. Leo tunaagana.

Sasa tuambiane ukweli. Mtihani wa Taifa mnamaliza mwishoni mwa mwaka. Kidato cha tano kwa kawaida huanza Julai. Hapo katikati ni miezi mingi bila kengele, bila matroni, bila ratiba. Ndipo hujitokeza mtu wa kukulipia nauli na kukununulia simu, halafu anadai shukrani yake chumbani.

Dada, kumkatalia si utovu wa adabu. Kaka, wakikucheka kijiweni kwamba bado hujawa mwanaume, waache wacheke. Kusubiri ndiyo salama zaidi. Usiposubiri, tumia kondomu kila mara.

Kama una wasiwasi, kapime. Tangu 2019 sheria ya Tanzania inamruhusu mwenye miaka 15 kupima VVU bila idhini ya mzazi. Ukikutwa navyo, masomo hayajaisha: dawa zipo, na ukizimeza kila siku utaishi na kusoma kama wenzako.

Basi, kabla ya kuandikiana "usinisahau" kwenye madaftari, chagua rafiki mmoja. Kila Jumamosi mtafutane, muulizane: "Uko salama?" Hiyo ndiyo kengele yenu sasa.

Kila la heri katika mtihani!